Afya: Mgonjwa wa Kiharusi Arudi Hospitali kwa Mazoezi

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu huziba au hupasuka kichwani. Sehemu ya ubongo ikikosa damu hufa. Ghafla mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, mdomo hupinda, maneno hayatoki. Sababu kubwa ni shinikizo la damu.

Watu wengine husema ni upepo mbaya au wamerogwa. Hapo siku za matibabu hupotea.

Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulilinganisha Dar es Salaam na Wilaya ya Hai. Kwa watu wa umri uleule, kiharusi Dar es Salaam kilikuwa karibu mara 3 ya Hai. Kwa hiyo wakazi wa Kinondoni na Temeke jambo hili linatuhusu.

Kuruhusiwa kutoka hospitali si kupona. Ubongo uliobaki mzima unaweza kujifunza kazi ya ule uliokufa. Hujifunza kama mtu mzima anavyojifunza kusoma: kwa kurudiarudia. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Mgonjwa akiachwa kitandani, viungo hukakamaa na vidonda hutokea mgongoni.

Kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni siku ya kurudi kwa mazoezi ya viungo. Kutoka Mabwepande hadi Mwananyamala ni mbali, na nauli ni mzigo. Mwelezeni mtaalamu. Awafundishe ndugu mazoezi ya kufanya nyumbani kati ya safari moja na nyingine.

Nyumbani fanyeni haya:
1. Mgeuzeni mgonjwa kila baada ya saa 2 ikiwa hawezi kujigeuza.
2. Msimvute kwa mkono uliolegea. Bega litateguka.
3. Akae wima anapokula. Akipaliwa, acheni kumlisha, mwoneni daktari.
4. Anywe dawa za shinikizo la damu kila siku, hata akijisikia vizuri.
5. Ayafanye mwenyewe anayoyaweza.

Dalili za kiharusi zikirudi, msingoje siku ya mazoezi. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini kuruhusiwa si kupona?
2. Majirani wanaweza kusaidiaje safari ya mgonjwa?
3. Nani katika kikundi chenu hajapimwa shinikizo la damu mwaka huu?