Somo: Kulinganisha Kurasa Mbili kwa Pamoja Kabla ya Kukopa

Mlaji anayetafuta mkopo mtandaoni hukutana na matangazo mengi, na kila tangazo husifu unafuu wake. Akisoma ukurasa mmoja, akaufunga, kisha akafungua wa pili, hulazimika kutegemea kumbukumbu; na aghalabu kinachosalia akilini ni maneno makubwa ya tangazo, si masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ni heri kuziweka kurasa zote mbili mbele ya macho kwa wakati mmoja.

Hatua za kufuata

1. Katika kompyuta yenye Windows, fungua ukurasa wa kwanza kwenye kivinjari. Bonyeza Ctrl pamoja na N upate dirisha jipya, kisha fungua humo ukurasa wa pili.

2. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kishale cha kushoto. Dirisha hilo litahamia nusu ya kushoto ya kioo.

3. Chagua dirisha la kwanza, ulipeleke upande wa pili kwa kitufe hichohicho na kishale cha kulia.

Simu nyingi za Android, tangu toleo la 7 la mwaka 2016, nazo huweza kugawa kioo kati ya programu mbili. Ukiwa na vivinjari viwili, kila kimoja kitachukua nusu yake.

Mfano

Ukurasa wa kushoto unatangaza riba ya asilimia 5. Wa kulia, asilimia 36. Wa kushoto waonekana nafuu. Lakini riba yake hutozwa kila mwezi, ilhali ya kulia ni ya mwaka mzima. Kwa mkopo wa shilingi 200,000 wa mwaka mmoja, ikiwa riba zote hukokotolewa juu ya kiasi cha awali, kushoto utalipa riba ya shilingi 120,000, na kulia shilingi 72,000. Tofauti ni shilingi 48,000.

Mambo ya kulinganisha

• Riba, na kipindi inachohusu.
• Ada ya maombi, bima na faini ya kuchelewa.
• Jumla ya marejesho.

Iwapo ukurasa mmoja hautaji jumla ya marejesho, mwulize mkopeshaji kwa maandishi. Usibonyeze neno “Nakubali” kabla ya kupata jibu lake.