Haidrenja ya Werugha: Mafunzo Niliyopata Bustanini

Asili ya haidrenja ya majani mapana ni Japani, lakini huku milimani Werugha, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, imestawi kama mwenyeji. Nimeitunza kwa miaka mingi kwenye tuta la mbele ya nyumba. Haya ndiyo iliyonifunza.

1. Baridi ndiyo huleta ua. Haidrenja ya majani mapana hutunga machipukizi ya maua joto linapokaa chini ya nyuzi 18 kwa wiki kadhaa. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapoteremka kutoka mlima Vuria, baridi hiyo tunaipata bure. Kule Voi, chini ya mita 600, mmea huohuo huhangaika na joto na maua huwa haba. Ndugu zangu wa Voi nawashauri wapande bogenvilia, au waridi la jangwani ambalo huota lenyewe katika nyika ya Tsavo.

2. Rangi hutoka udongoni. Mizizi ikinyonya alumini, ua huwa la buluu. Ikiikosa, huwa la waridi. Alumini huyeyuka vizuri katika udongo wenye asidi, hasa pH ikiwa chini ya 5.5. Mvua za milimani huosha chokaa ardhini na kuacha asidi, na ndiyo sababu buluu hutukubali. Aina yenye maua meupe haigeuzwi na udongo.

3. Majivu yapelekwe kwenye kabichi. Majivu ya jikoni hupunguza asidi. Yakimwagwa mara kwa mara shinani pa haidrenja, buluu hufifia na kuelekea urujuani, kisha waridi. Mbolea ya DAP nayo ina fosforasi nyingi, na fosforasi huifunga alumini. Anayependa buluu atumie mboji ya majani yaliyooza.

4. Pogoa mapema. Ua la msimu ujao hubebwa na tawi lililokua msimu huu. Kwa hiyo mimi hukata mara tu maua yanaponyauka, kabla ya baridi kuingia. Anayekata baada ya baridi huondoa machipukizi ambayo mmea umekwisha kuyaandaa.

5. Majani yakilegea, gusa udongo kwanza. Januari na Februari, jua la mchana huyalegeza majani hata penye maji ya kutosha. Udongo ukiwa na unyevu, subiri: jioni yatasimama. Ukiwa mkavu, mwagilia shinani, kisha tandaza majani makavu ya mgomba. Mahali bora ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

6. Zalisha miche wakati wa masika. Chagua tawi changa lisilo na ua, lenye vifundo viwili au vitatu. Punguza majani yake nusu, lichomeke kivulini, na udongo usikauke.

7. Mabaki yasifike horini. Haidrenja ina sumu. Katika boma la ng'ombe wa kufungiwa, ambako kila jani bichi huonekana lishe, waelezeni watoto na wafanyakazi: matawi yaliyokatwa yaende kwenye shimo la mboji.

Kabla ya kununua mche kwa sababu ya uzuri wake, chunguza baridi, mvua na udongo wa kwako. Mmea unaokubaliana na mahali pake hauhitaji gharama kubwa, na huchanua mwaka baada ya mwaka.