SOMO: UBAGUZI KAZINI NA WAJIBU WA CHAMA KAMA MWAJIRI



Katika ukaguzi wa vyama, mara nyingi daftari la mishahara hukutwa limetunzwa vema, lakini hakuna maandishi yanayoeleza kwa nini huyu aliajiriwa na yule akaachwa. Katika chama kimoja nilikuta binti aliyewashinda wenzake kwa hesabu na mizani amenyimwa ukarani wa ghala. Sababu niliyopewa ni kwamba ataolewa, atazaa, na msimu utakikuta chama hakina karani. Viongozi wale hawakujiona kuwa wabaguzi. Kwa hiyo yafaa tujifunze Serikali imepambanaje na jambo hili.

Kabla ya Uhuru

Serikali ya kikoloni ililipa watumishi wake kwa rangi. Kwa mapendekezo ya Tume ya Holmes ya mwaka 1948, Mwafrika au Mwasia aliyefanya kazi sawa na Mzungu alilipwa tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu huyo. Mmoja akipata shilingi 500, mwingine alipata 300. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilipendekeza ngazi za mishahara zisizofuata rangi, ingawa waliotoka ng'ambo waliendelea kupewa nyongeza.

Baada ya Uhuru

Ili kurekebisha dhuluma hiyo, Serikali ilianza kwa kuwapa Waafrika nafasi ya kwanza. Januari 1964 Mwalimu Nyerere aliusimamisha utaratibu huo, akaagiza raia wote wahesabiwe sawa katika ajira na mafunzo bila kujali rangi. Azimio la Arusha la 1967 lilitangaza kwamba binadamu wote ni sawa. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na Ibara ya 23 inampa kila mtu, pasipo ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake.

Sheria iliyopo

Hatua kubwa zaidi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hii inamkataza kila mwajiri kubagua kwa rangi, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri au virusi vya UKIMWI. Kuchagua mtu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai si ubaguzi. Mama mwajiriwa anayetimiza masharti hupata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Aidha, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasiopungua asilimia tatu.

Wajibu wa Chama

Chama chenye karani mmoja na mlinzi mmoja ni mwajiri. Mlalamikaji akionyesha dalili za kubaguliwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni chama kitakachotakiwa kuthibitisha kwamba hakikubagua. Bila maandishi kitathibitisha kwa nini? Hivyo basi:

1. Tangazeni kazi hadharani, mkitaja sifa zinazohitajiwa.
2. Wapeni waombaji wote jaribio moja, na alama ziandikwe.
3. Sababu za uamuzi ziingie katika muhtasari wa Halmashauri.
4. Kazi moja iwe na mshahara mmoja.

Hapa Isaka, penye reli na bandari kavu, watu hutoka pande nyingi kutafuta riziki. Swali la "huyu ni wa wapi?" husikika upesi kuliko "anajua kazi gani?"

Maswali ya kujadili

1. Nani waliomba kazi chamani kwenu mara ya mwisho, na kwa nini walikataliwa?
2. Sababu hizo zimeandikwa wapi?
3. Iwapo binti yule angeomba kwenu, mngemjibu nini?