Maswali Yanayofundisha



Kuna swali moja nimelisikia tangu darasa la kwanza: "Mmeelewa?" Nasi huitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimuuu!" hata wale waliokuwa wakitazama migomba dirishani. Swali hilo halimpimi mtu. "Nani hajaelewa?" ndilo baya zaidi, maana nani atainua mkono achekwe?

Muhula huu chamani twafundishana kwa vikundi, basi nimepata nafasi ya kulichunguza jambo hili. Chukua mada ya chai. Ukiuliza, "Chai hukuzwa wapi?" mtu atasema "Nyamira" na mambo yameisha. Lakini uliza, "Mbona Nyamira kuna chai tele, na kule Homa Bay ufuoni mwa ziwa huioni?" Sasa itabidi wataje vilima, baridi na mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka. Au uliza kwa nini wachongaji wa Tabaka husugua jiwe kwa msasa pamoja na maji. Hapo hata asiyependa sayansi atasema kitu.

Kisha ngoja! Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, halafu hujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanyamavu wakaanza kusema. Kumbe wazee wetu walijua hayo: mtega kitendawili husubiri, na wakishindwa huomba mji kwanza.

Tena uliza swali ndipo utaje jina. Ukianza na "Wewe wa nyuma!" wengine wote wamekwisha kulala.

Kikundini mwetu kuna mwenzetu ambaye hakuwa amefungua kinywa wiki nne nzima. Nikauliza kwa nini twasema "kipofu amekuja", si "kimekuja", kama kitabu. Nikahesabu kimoyomoyo hadi tano. Akasema polepole, "Kwa sababu ana uhai." Vizuri! Kabla sijaendelea, akauliza yeye: "Na mti je, si una uhai? Mbona twasema mti umeanguka?"

Loo! Tulibishana hadi kengele ya chakula, ikabidi tuiandike upya ile kanuni daftarini: A-WA ni ya watu na wanyama, mimea haimo.