SOMO LA FUNDI UMEME: Nyumba Iliyoongezwa Vyumba



Mtaani Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, nyumba nyingi hazimaliziki mara moja. Mwaka huu jiko, mwakani vyumba viwili vya wapangaji nyuma ya ua. Kazi mbovu ya mwashi huonekana na kila mpita njia. Ya umeme hufunikwa kwa plasta. Sisi huiona tunapoitwa kubomoa, na mara nyingi ni ile ile: chumba kipya kimeungwa kwenye waya wa taa wa nyumba ya zamani.

Waya huo kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, na fyuzi yake ni ya ampea 10, au isiyozidi 16. Sasa tupige hesabu kwa umeme wa volti 230. Jiko la sahani mbili la wati 3,000 linavuta ampea 13. Birika la wati 2,000 linavuta karibu 9. Jumla ni 22, na fyuzi inakatika, kama ipasavyo. Mwenye nyumba ananung'unika. Fundi anaondoa ya 16, anaweka ya 32, analipwa na kwenda zake.

Huko ni kulipua kazi. Fyuzi haikuwekwa kulinda birika, imewekwa kulinda waya, na waya ni ule ule. Tena mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya waya huwa mara nne. Penye kiungo kilichosokotwa kwa mkono ndani ya ukuta ndipo panapoanza kuungua, na fyuzi ya 32 imetulia tu.

Kuna na hila ya ardhi. Nyumba ya zamani haina waya wa ardhi, basi fundi anaunganisha ardhi na nyutro ndani ya soketi. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, bati la friji linakuwa na umeme, na wa kwanza kulishika ni mpishi mwenye mikono mibichi.

Tunajua jibu la tajiri: waya ni ghali, na ukikataa fundi mwingine yuko mlangoni. Ni kweli, twalijua hilo kuliko yeye. Lakini nyumba ikiungua, anayeulizwa ni fundi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa koleo, andika bei ya kazi kamili: njia mpya kutoka kwenye ubao, waya wa 2.5 kwa soketi na fyuzi ya 16 au 20, waya wa 6 kwa jiko la umeme na fyuzi ya 32, nguzo ya ardhi, na swichi ya kujikata ya miliampea 30. Fedha zisipotosha, punguza idadi ya soketi, usipunguze unene wa waya. Mwenye nyumba atie sahihi, nawe ubaki na nakala.