Huduma Rafiki kwa Vijana Huanzia Mapokezi

Shirika la Afya Duniani humtambua kijana balehe kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Takwimu hiyo yatosha kuonyesha kwa nini huduma rafiki kwa vijana hazina budi kufika katika kila zahanati nchini. Hata hivyo, huduma inaweza kufika kijijini na bado isimfikie kijana.

Tuchukulie msichana wa miaka 17 anayefika kituo cha afya akiwa na maumivu chini ya kitovu. Mapokezi anaulizwa kwa sauti, mbele ya majirani wa mama yake, anasumbuliwa na nini. Anajibu kuwa ni kichwa, anapewa dawa ya maumivu, anaondoka. Katika rejista amekwisha kuhudumiwa. Ugonjwa wake haujaguswa.

Maumivu ya aina hiyo huweza kuashiria maambukizi katika via vya uzazi. Klamidia, kwa mfano, haioneshi dalili kwa wanawake walio wengi. Isipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, ambayo baadaye husababisha ugumba au mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Ikigunduliwa mapema, hutibika kwa dawa za siku chache. Swali lililoulizwa mahali pasipofaa laweza kumgharimu msichana huyo uzazi wake.

Mwaka 2015 Shirika hilo lilitoa viwango 8 vya ubora wa huduma kwa vijana balehe, vikiwemo stadi za watoa huduma, usawa, ushirikishwaji wa jamii na ushiriki wa vijana wenyewe. Vingi kati ya viwango hivyo havihitaji jengo jipya. Sababu ya kuja kituoni yaweza kuulizwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mwanafunzi aweza kutengewa saa za alasiri, baada ya masomo. Karani na mhudumu wa usafi nao wafundishwe kutunza siri, kwa kuwa kijana hukutana nao kabla ya kumwona tabibu.

Watoa huduma wanapaswa pia kuijua sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU. Anayemrudisha nyumbani akamlete mzazi kwanza anamnyima haki hiyo, na huenda kijana huyo asirudi tena.

Kwa sababu hiyo, kituo kinachotaka kujipima kisiishie kuhesabu vijana walioandikwa katika rejista. Kiwaulize wanapoondoka: je, mmeweza kusema kilichowaleta?