Chai yako inavyokunyima madini ya chuma

Umewahi kuona chai iliyopikwa kwa maji ya kisima yenye chuma ikigeuka nyeusi kama wino? Msomaji, huenda jambo hilo linatokea tumboni mwako kila siku.

Majani ya chai yana kemikali ziitwazo tanini, zinazopatikana pia katika magome ya mikoko. Tanini hushika chuma kwa nguvu. Hali kama hii huonekana mahali mto unapoingia baharini. Maji ya mto hubeba chuma kilichoshikwa na mabaki ya majani yaliyooza. Yakikutana na maji ya chumvi, sehemu kubwa ya chuma huganda na kuzama matopeni. Kilichoshikwa barabara hubaki majini na kuendelea na safari. Tumboni nako, chuma kilichoshikwa na tanini hakiingii mwilini bali hutoka na choo.

Ni nani huumia?

Mwili hutumia chuma kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu. Wanaopungukiwa zaidi ni wajawazito, watoto wadogo na wanawake wenye hedhi nzito. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kuwa vyeupe.

Chuma cha nyama hakidhuriwi sana na chai. Kinachodhuriwa ni kile cha maharagwe, mboga na nafaka, ambavyo ndivyo chakula cha wengi wetu. Kikombe kimoja pamoja na mlo chaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kuongeza maziwa hakusaidii.

Ufanye nini?

• Kunywa chai angalau saa moja kabla au baada ya chakula.

• Kula chungwa, pera au nyanya mbichi pamoja na mlo. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

• Mama mjamzito, meza vidonge vya chuma kwa maji, kamwe si kwa chai. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

• Weka vidonge hivyo mbali na watoto, kwani vikizidi vinaweza kuua.

Ukiona dalili tulizotaja, nenda ukapimwe damu. Usijinunulie dawa kwa kubahatisha, kwa maana malaria na minyoo pia hupunguza damu.